Wasomaji Wanauliza: Pa Kukaa na Watoto Bila ya Kununua Kitu

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu viwanja na bustani. Nadhani ni joto. Kaskazi ya safari hii haina huruma, na nyumba zetu za matofali hulinywa jua mchana kutwa kisha zikatutemea usiku kucha. Nimechukua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana aliyeiandika ameuliza jambo ambalo mimi mwenyewe niliwahi kulitafutia jibu.

SWALI: Assalaam alaykum Maalim. Nakaa kwenye majumba ya Michenzani, ghorofa ya juu, pamoja na wanangu watatu (miaka tisa, sita na miwili) na mama mkwe wangu ambaye ana sukari. Jioni ndani hapakaliki. Nikimwambia mume wangu tutoke twende bustanini, anasema bustani za mjini ni za watalii na watu wasio na kazi, na Forodhani haendi mtu asiye na pesa. Mwezi uliopita tulikwenda, tukarudi tumemaliza pesa ya kitoweo ya siku mbili, na watoto bado wanalia wanataka pizza. Je, sehemu hizi zina faida yoyote kwa watu kama sisi, au ni starehe tu? Na wapi nitakaa na wanangu bila ya kununua kitu? – Mama wa watatu, Michenzani

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Nianze na mumeo, kwani nusu ya maneno yake ni kweli. Forodhani, ile bustani ya mbele ya bahari Mji Mkongwe wa Zanzibar, saa mbili usiku ni soko la chakula. Kuna mishikaki, pweza, juisi ya miwa, kuna moshi na taa, na vijana wanaokuita kwa lugha nne kabla hujaifikia meza yao. Ukenda saa hizo na watoto watatu, pesa itatoka tu, na si kosa la watoto.

Lakini nenda saa kumi ya alasiri. Wapishi ndio kwanza wanaleta meza zao, upepo unatoka baharini, na vijana wanachupa kutoka ukutani mmoja baada ya mwengine. Mwanao wa miaka tisa atasimama kuwatazama saa nzima na hatakuomba senti. Tandika mkeka pembeni, chukua chupa ya chai na muhogo wa kuchemsha nyumbani, na uondoke adhana ya Magharibi ikikaribia, kabla majiko hayajakolea moto. Mimi nimewalea wanangu wanne kwa ratiba hiyo. Pizza walikula mara mbili kwa mwaka, kila Idi, wakaiona tamu kuliko wanaoila kila wiki.

Na mwambie mumeo hivi: bustani ile haikuanza na watalii. Jina lake linatokana na forodha, mahali pa kutozea ushuru mizigo ya majahazi na meli. Bustani yenyewe ilitengenezwa mwaka 1936 kwa ajili ya jubilei ya miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub, ikaitwa Bustani ya Jubilii mpaka Mapinduzi. Mama yangu alikuwa akitusimulia bendi iliyopigwa pale, na wanawake wa mjini wakija jioni na mabuibui yao kukaa tu, kusikiliza. Mwaka 2009 ilifunguliwa upya baada ya Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni kuitengeneza: ukuta wa bahari, njia, taa, miti na sehemu ya watoto kuchezea. Kwa hiyo kabla ya mtalii wa kwanza kupiga picha ya mshikaki, bibi zetu walikuwa wamekaa pale zamani, bila ya kununua kitu.

Kwako wewe wa Michenzani, hata hivyo, kila siku Forodhani ni mbali kwa mtoto wa miaka miwili na kwa mama mwenye sukari. Penye mnara wa miaka 50 ya Mapinduzi ni karibu na nyinyi, ila kuvuka barabara ile na watoto watatu ni roho mkononi. Kariakoo kuna kiwanja cha kufurahishia watoto, chenye pembea na michezo ya kila aina, lakini hicho ni cha kulipia. Kiweke kwa ajili ya sikukuu. Ningekuwa mimi, ningekwenda Mnazi Mmoja na Bustani ya Jamhuri iliyo jirani yake, kwenye miti. Hapo mtu mzima anapata kivuli, na watoto wanapata uwazi wa kukimbia hata wakachoka wenyewe. Kumchosha mtoto ni nusu ya malezi, na ndani ya fleti huwezi.

Nikieleza Mnazi Mmoja siwezi kujizuia kurudi darasani, maana nimesomesha jiografia miaka 31. Pale palikuwa maji. Mkono wa bahari uliingia kutoka upande wa Funguni, ukapita Darajani (ndio maana pakaitwa Darajani, palikuwa na daraja) ukashuka hadi Mnazi Mmoja, na maji yakijaa Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa. Waliokaa upande wa pili wakawa watu wa Ng'ambo, na jina limebaki ingawa hapana tena maji ya kuvuka. Sehemu ya kusini ilifukiwa ikawa viwanja. Wakati wa ukoloni Waingereza walicheza gofu na kriketi pale, na mtoto wa Kikwajuni alikaa pembeni kuwatazama. Leo anayecheza pale ni mtoto wa Kikwajuni. Tumeswali Idi pale, tumesoma Maulidi pale, na hakuna Mzanzibari wa umri wangu ambaye hana kumbukumbu ya kwenda sikukuu Mnazi Mmoja na nguo mpya, mkono mmoja umeshikwa na dada, mwengine umefumba sarafu. Ardhi ile bado haijaisahau bahari, kwa hiyo masika usimpeleke mtoto, maji hutuama.

Sasa faida. Umeniuliza kama ni starehe tu. Nitakujibu kwa yaliyonikuta.

Mume wangu alipofariki nilikaa eda, miezi minne na siku kumi. Ilipomalizika, watu walidhani nitatoka. Sikutoka. Nilikuwa nimezizoea kuta nne, na kila nilipofika mlangoni niliona sina safari. Duka analokwenda mwanangu, soko analokwenda mwanangu, mimi niende wapi? Jirani yangu, shoga yangu wa tangu skuli, alikuja siku moja baada ya Alasiri akaniambia, "Vaa buibui." Hakusema tunakwenda wapi. Tulikwenda mpaka Bustani ya Jamhuri, tukakaa chini ya mti, akatoa vitumbua vinne kwenye mfuko, tukala. Hatukuzungumza la maana. Mzee mmoja alikuwa amelala kwenye benchi na gazeti usoni, wanafunzi wawili walikuwa wanafanya hesabu, mama mmoja alikuwa anamfundisha mtoto kutembea, na mtoto akianguka sote tulisema "pole" kwa pamoja. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi ambao sikuupata kwa miezi. Tukaenda tena kesho yake, na kesho kutwa. Hapakuwa na dawa, wala mtu wa kunipa nasaha. Palikuwa na mahali ambapo mjane anaweza kukaa katikati ya watu bila ya kuulizwa amefuata nini.

Hiyo ndiyo thamani ninayoijua. Dukani unaulizwa unataka nini. Ofisini unaulizwa shida yako. Nyumba ya mtu unaingia kwa hodi. Bustanini unakaa tu, na haki yako ya kukaa ni sawa na ya waziri.

Kuhusu mama mkwe wako: Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima atembee au afanye mazoezi ya wastani si chini ya dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwenye sukari hiyo ni sehemu ya matibabu yake, ila aulize kwa daktari wake aanze na kiasi gani, na asitoke na tumbo tupu. Mpeleke Maisara au Mnazi Mmoja baada ya Alfajiri. Atawakuta wanawake wenzake, buibui juu na raba chini, wanazunguka kiwanja wawili wawili. Siku za mwisho wa wiki kuna vikundi vya mazoezi vinavyokimbia kwa nyimbo, na tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi, mji mzima huwa barabarani. Yeye si lazima akimbie. Azunguke mara moja, akae, azunguke tena. Baada ya wiki mbili atakuwa na marafiki ambao wewe huwajui, na utaona anavyokuamsha yeye badala ya wewe kumwamsha.

Jambo moja linaniudhi na nitalisema wazi. Wanaopanga bustani zetu mara nyingi humfikiria mwanamme aliyekuja peke yake. Mama mwenye mtoto mdogo hakai saa mbili mahali pasipo na choo safi. Bibi wa miaka 70 hakai kwenye ukingo wa saruji usio na pa kuegemea. Msichana hapiti penye taa mbovu. Wanawake wakiwa wachache bustanini, watu husema hawapendi kutoka. Waende wakatazame vyoo kwanza, halafu waseme. Mwanangu, ukiona taa imekufa au benchi limevunjika, liripoti kwa sheha (kiongozi wa mtaa wenu) na Baraza la Manispaa, na uwaambie ni mahali gani khasa. Nimefanya hivyo mara nyingi. Mara nyengine hawakufanya kitu, mara nyengine walikuja na fundi kabla ya wiki kwisha.

SWALI: Maalim, kila mara mnaandika Forodhani, Forodhani. Sisi wa Pemba hatuna Forodhani. Je, tusemeje? – Kijana wa Wete

JIBU: Umenishika pabaya, na una haki. Chake Chake kuna kiwanja cha watoto cha Tibirinzi, lakini wewe uko Wete na najua nauli ni nauli. Ila nikwambie nilichokiona Pemba nilipokuwa nikija kwa shangazi yangu Konde: kila kijiji kilikuwa na mwembe wake, na chini ya mwembe pana gogo lililong'aa kwa kukaliwa. Pana kiwanja cha mchezo wa ng'ombe, ambacho siku zote zisizo za ng'ombe ni cha mpira na cha kuanikia karafuu. Pana Msitu wa Ngezi, ambao hakuna bustani ya Unguja inayoufikia kwa kivuli, na ukiupita unafika Vumawimbi, mchanga mtupu mpaka macho yachoke. Hamjakosa mahali. Mnachokosa ni mtu wa kulichunga gogo lile na mwembe ule mji unapokuja juu yake, na Wete inakua. Soma barua ya chini, inakuhusu.

SWALI: Mtaani kwetu Fuoni kuna uwazi mmoja uliobaki. Watoto hucheza mpira, wasichana hucheza nage (mchezo wa kukwepa mpira), kukiwa na msiba tunatandika turubai hapo, harusi hapo. Wiki mbili zilizopita tumeamka tumekuta vigingi vya mipaka vimepigwa. Wazee wanasema ile ni ardhi ya serikali, hatuna la kusema. Je, ni kweli? – Baba wa Fuoni

JIBU: Wazee wamesema nusu. Sheria ya ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 inaifanya ardhi kuwa ya umma, iliyo chini ya mamlaka ya Rais, lakini kwa matumizi na manufaa ya pamoja ya watu. Kwa hiyo "ya serikali" haina maana ya "si yenu". Mna la kusema, ila mliseme mapema, kwa maandishi, na bila ya kung'oa vigingi. Akikuona mtu unang'oa kigingi, mazungumzo yote yatakuwa juu ya kigingi, na uwanja utasahauliwa.

Anzeni kwa sheha, kwani huenda hata yeye hajaambiwa. Muulizeni nani amepima, na kwa kibali gani. Kisha nendeni kwenye halmashauri au manispaa yenu na kwenye Kamisheni ya Ardhi, mkaulize jambo moja tu: katika ramani ya mipango miji, sehemu ile imeandikwa nini? Kama imeandikwa uwanja wa wazi, mna silaha. Kama haikuandikwa kitu, ombeni iandikwe. Na kama kweli ni ya mtu mwenye hati yake halali, ni bora mjue leo, mkae naye, muombe hata pembe moja.

Lakini kabla ya kwenda popote, fanyeni daftari. Hili nimelijifunza kwa wanafunzi wangu. Mwaka mmoja niliwatoa darasani nikawapeleka Mnazi Mmoja kwa zamu, Alfajiri mpaka Magharibi, waandike kila saa nani yupo na anafanya nini. Walikwenda wakiamini watakuta wacheza mpira. Wacheza mpira waliwakuta alasiri tu. Saa nyengine zote waliandika wengine: mama anayepumzika njiani kutoka hospitali, muuza kahawa anayepoza miguu, mafundi wanaokula chakula cha mchana, kijana anayehifadhi Qur-ani kwa sauti ndogo, mzee anayekuja saa nne kila siku na kuondoka saa tano. Mwanafunzi mmoja aliandika "mtu amekaa", halafu saa inayofuata tena "mtu amekaa", akaja kuniuliza kama hilo nalo ni la kuandika. Nikamwambia hilo ndilo la kuandika kwanza.

Fanyeni hivyo wiki nzima. Andikeni misiba mingapi imekalia pale mwaka huu, harusi ngapi, wasichana wangapi wanacheza nage na wavulana wangapi wanacheza mpira. Tieni saini za wanaume na za wanawake. Msitume karatasi yenye majina ya wanaume watupu. Ofisa anayesoma "wananchi wanalalamika" anaweka karatasi chini ya nyengine. Anayesoma kwamba wasichana 14 hucheza hapo kila jioni na hawana pengine, huyo atafikiri.

Mkiulizwa kwa nini uwazi mdogo hivyo upiganiwe, waambieni habari ya hesabu. Sensa ya 2012 ilikuta watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ile ya 2022 ilikuta 893,169. Miaka kumi, watu karibu laki tatu wameongezeka, na mashamba ya Fuoni, Kwarara na Mwera yamegeuka mitaa. Hawa wote wamepata kiwanja cha kujengea. Watoto wao wamepata wapi pa kuchezea? Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani inashauri mtu asiwe mbali zaidi ya meta 300 kutoka uwazi wenye majani na miti, hata ukiwa wa nusu hekta tu. Na mataifa, Tanzania ikiwa mojawapo, yamekubaliana katika Malengo ya Maendeleo Endelevu kwamba ifikapo 2030 kila mtu afikiwe na maeneo ya wazi yaliyo salama, wanawake, watoto, wazee na walemavu wakitajwa kwa jina. Kwa hiyo hamuombi hisani.

Mkisikilizwa, msiuache mtupu. Uwazi mtupu ni wa anayeutamani. Pandeni mikungu na miarobaini pembeni, mbali na goli, mugawane kumwagilia kwa nyumba. Wekeni magogo mawili ya kukaa wazee, upande ambao jua la alasiri halifiki.

Ninakuhimiza hivi kwa sababu mtaani kwetu sisi tulinyamaza. Tulikuwa na kiwanja chetu cha nage, kidogo, mchanga mweupe, na mkungu mmoja kwenye kona ambako tulitundika mikoba ya skuli. Nilivunja jino pale na nilipata shoga wa maisha pale, yule yule wa vitumbua. Vigingi vilipopigwa kila mmoja alidhani mwenzake atakwenda kuuliza. Baba yangu alisema wakubwa wanajua. Ukuta ulipopanda hadi kifuani ndipo watu walipoanza kunung'unika, na kunung'unika kwenyewe ilikuwa barazani, usiku, kwa sauti ndogo.

Nilipita juzi. Watoto wa sasa wanacheza nage barabarani, mbele ya ukuta ule. Wamechora mstari kwa chaki, na mdogo wao kuliko wote, wa miaka mitano hivi, wamemuweka kwenye kona. Hachezi. Kazi yake ni kupiga ukelele, "Gari!"

Anza daftari kesho baada ya Alfajiri. Ukilimaliza, nitumie nakala.